Bushi za wishiboni kwenye Vitz: namna ya kuzipima, kuzitoa na kuzifunga zisife mapema

Gari dogo lenye bushi zilizochoka hulalamika zaidi likienda polepole. Unashuka tuta la mtaani kwa mwendo wa mtu anayetembea, breki umeigusa kidogo, na chini ya miguu yako inasikika "ko" moja nzito. Kwenye lami nzuri, kimya kabisa. Wenye magari wengi wakisikia hivyo huambiwa shokapu zimekufa. Wananunua shokapu, wanalipa ufundi, na kesho yake tuta lilelile linawajibu kwa sauti ileile.

Hapa nitaeleza kazi nzima kwa kutumia Toyota Vitz, hasa toleo la pili lililoanza kutoka mwaka 2005, lenye namba za chesisi zinazoanza na KSP90, SCP90 au NCP91. Ni gari lililojaa Dar es Salaam na Nairobi, spea zake hazisumbui kupatikana, na miguu yake ya mbele imeundwa kama ya magari madogo mengi ya Kijapani: shokapu na springi zimesimama pamoja, na chini kuna wishiboni moja kila upande, yaani mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na gari. Mwenye IST, Platz au Raum atajikuta humuhumu, ila asidhani kwamba kila bolti na kila bushi ina kipimo kilekile.

Kazi yenyewe si ngumu. Kinachoua bushi mpya ndani ya miezi michache mara nyingi ni kosa moja la mwisho, wakati wa kukaza bolti, na humu nitalitaja mara nyingi kuliko utakavyopenda.

Kilichomo ndani ya bushi

Bushi ya kawaida ina bomba dogo la chuma katikati, mpira mnene, na bomba kubwa la chuma kwa nje. Mpira umeshikamanishwa na vyuma hivyo kiwandani kwa gundi na joto. Haukuchomekwa tu. Bomba la nje limeshindiliwa kwa nguvu kwenye tundu la wishiboni. Bomba la ndani linabanwa na bolti dhidi ya krosimemba, yaani mhimili wa chuma unaovuka chini ya injini, mpaka lisiweze kuzunguka hata kidogo.

Sasa gurudumu likipanda, wishiboni inainuka. Bomba la nje linazunguka pamoja na wishiboni, la ndani limebanwa. Kinachobaki ni mpira kujisokota kati ya mabomba mawili. Hakuna chuma kinachoteleza juu ya chuma, wala mpira unaosugua mahali. Ndiyo maana kupaka grisi au kumwagia oili bushi inayolia ni kuitia sumu. Mpira wa asili ukilowa mafuta ya petroli au oili huvimba na kulainika, kisha huachana na chuma. Kama injini yako inavujisha oili na inadondokea kwenye bushi, ziba uvujaji kwanza. Vinginevyo unanunua bushi za kulisha oili.

Kwenye wishiboni moja kuna bushi mbili. Ya mbele ni ndogo na ngumu, kazi yake ni kuzuia gurudumu lisisogee kulia na kushoto. Ya nyuma ni kubwa na laini zaidi, nayo hupokea kishindo cha gurudumu linapogonga shimo au linapofungwa breki. Bushi hiyo kubwa mara nyingi ina matundu yaliyoachwa makusudi kwenye mpira ili iwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Nimesikia zaidi ya fundi mmoja akimwonyesha mteja matundu hayo na kusema, "Unaona bosi, imeshachanika." Mchaniko una kingo za kuparuza na haufuati umbo lolote. Tundu la kiwandani lina kingo laini na limekaa kwa mpangilio.

Kujua kama ni bushi kweli

Mlio wa "ko" moja ukianza kuondoka au ukifunga breki ni ushahidi mzuri dhidi ya bushi ya nyuma ya wishiboni. Usukani unaovuta upande mmoja wakati wa breki tu, kisha ukaachia unaponyanyua mguu, nao ni ushahidi. Tairi za mbele zinazolika kingo ya ndani huku alaimenti (mpangilio wa magurudumu) imepimwa juzi, vilevile. Gari kuyumba unapopitwa na basi, ukawa unarekebisha usukani kila mara, kunaweza kuwa bushi, tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu kutoka kwenye usukani), au hata upepo mdogo kwenye tairi, kwa hiyo usihukumu kwa dalili hiyo peke yake.

Sehemu nyingine zinazochanganywa na bushi nazo zina lugha zake. Linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona, hulia haraka-haraka, "kacha kacha", kwenye barabara ya vijiwe vidogo. Beringi na raba ya juu ya shokapu hulia ukizungusha usukani gari likiwa limesimama. Shokapu iliyokufa huacha gari likidunda baada ya tuta, na mara nyingi imelowa mafuta mwilini. Raba ya injini ikikatika, "ko" yake huambatana na kutingishika kwa injini nzima ukiweka gia.

Kipimo cha kwanza kinahitaji watu wawili na gari lenye gia otomatiki. Mwenzako akae ndani, injini ikiwaka, mguu umekandamiza breki barabara na breki ya mkono imevutwa. Wewe chuchumaa ubavuni mwa gari, usisimame mbele wala nyuma yake. Ahamishe gia kutoka R kwenda D na kurudi, taratibu. Tazama nafasi kati ya tairi na matgadi. Gurudumu likisogea mbele na nyuma kiasi cha kuonekana wazi kwa macho, huku likitoa mlio, bushi kubwa ya upande huo imekwisha. Linganisha na upande wa pili.

Kipimo cha pili ni mtaimbo mfupi. Pandisha gari, liweke kwenye stendi, ingiza mtaimbo kati ya wishiboni na krosimemba karibu na bushi, kisha kandamiza kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Mpira wowote utasogea kidogo, hiyo ndiyo kazi yake. Unachotafuta ni mwanya unaofunguka kati ya mpira na chuma, au bomba la ndani lililohama katikati na kulalia upande mmoja. Nyufa nyembamba za juu juu, kama zile za pembeni mwa tairi la zamani, ni uzee tu na hazina haja ya kukutoa pesa. Ufa unaoingiza ncha ya bisibisi ndani kabisa, huo badilisha.

Kabla hujashusha gari, jaribu na boljointi, kiungo cha duara kati ya wishiboni na chuma kinachobeba gurudumu. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Kisha shika kulia na kushoto kwa ajili ya tairodi. Ukikuta boljointi nayo inacheza, uamuzi wako wa manunuzi unabadilika.

Bushi peke yake au wishiboni nzima

Njia ni mbili. Unanunua bushi tupu na kuzishindilia kwenye wishiboni yako, au unanunua wishiboni nzima yenye bushi mpya tayari.

Wishiboni nzima inaokoa muda na safari ya kwenda kwenye presi, mashine ya kushindilia bushi. Tatizo ni kwamba za bei ya kutupa huja na mpira duni, na chuma chake ni chepesi kuliko kile unachokitoa. Mimi naona wishiboni ya asili iliyonyooka, ikiwekewa bushi za mpira mzuri, ni bora kuliko wishiboni mpya isiyojulikana ilikotoka. Kama ya kwako imepinda, imeliwa na kutu mpaka inamomonyoka, au tundu la bushi limepanuka, hapo hakuna mjadala, nunua nzima. Ya kuchomelea usiipokee, hata akikuapia kwamba fundi wa kuchomelea ni mtaalamu.

Mtumba wa Japani, unaopita Sharjah au unaokuja moja kwa moja, una faida ya kuwa chuma halisi, lakini kumbuka mpira una umri uleule wa gari lililovunjwa. Nunua wishiboni ya mtumba kwa ajili ya chuma, kisha uitie bushi mpya.

Ukienda dukani, iwe Gerezani na Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi, usiombe "bushi za Vitz". Nenda na namba ya chesisi uliyoisoma kwenye kibati cha chumba cha injini. Toyota hupanga namba za spea kwa makundi: zinazoanza na 48654 na 48655 ni bushi za wishiboni, 48068 ni wishiboni nzima ya kulia, 48069 ya kushoto, na 43330 ni boljointi ya chini. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha gari na gari. Mwenye duka akisikia unataja 48655, maongezi yanakuwa mafupi.

Kwa bidhaa zisizo za Toyota, 555 ya Japani na RBI ya Thailand ni majina yanayojulikana, na kwa sababu yanajulikana, maboksi yake huigwa. Itoe bushi kwenye boksi uikague. Mpira uwe umeshika chuma mzunguko mzima bila mwanya, bomba la ndani liwe katikati, na ukikandamiza ukucha mpira urudi. Harufu kali ya mafuta ya taa na mpira unaoacha weusi mkononi si dalili nzuri. Chukua vernia (kipimo cha milimita) ukapime kipenyo cha nje cha ya zamani na mpya ukiweza.

Kuna pia bushi za polyurethani, zile za rangi nyekundu, njano au bluu. Hizo ni ngumu, hazijisokoti kama mpira, bali huteleza kwenye bomba lake na huhitaji grisi maalumu ya silikoni. Kwa gari la mashindano sawa. Kwa Vitz ya kwenda kazini kupitia barabara ya vumbi, zitakupa usukani mkali na kila kijiwe utakisikia kwenye meno. Zile zinazochongwa kutokana na tairi kuukuu sizijadili sana: hazina bomba wala gundi, na gurudumu lako la mbele linashikiliwa na kitu hicho.

Badilisha pande zote mbili. Upande mmoja mpya na mwingine uliochoka hufanya gari livute.

Vifaa

Jeki ya nguvu, stendi mbili imara, kabari za magurudumu ya nyuma. Soketi za 14, 17, 19 na 21 na mkono mrefu. Toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza. Mafuta ya kulegeza kutu, brashi ya waya, nyundo, mtaimbo, kipande cha waya mgumu, tepu ya kupimia na rangi au chaki ya kuwekea alama. Kwa bushi utahitaji presi. Karibu kila mtaa wenye gereji una mwenye mashine, na kwa kawaida utamlipa kwa kila bushi. Miwani ya kukinga macho usiiache nyumbani, maana kutu ya chini ya gari huanguka usoni hasa unapotazama juu.

Usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya tofali. Tofali la saruji hupasuka bila kukuonya.

Kabla ya kunyanyua gari

Jioni ya kuamkia kazi, mwagia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti zote utakazofungua, urudie asubuhi. Gari la pwani, lililokula chumvi ya Mombasa au Tanga, linahitaji uvumilivu zaidi hapa.

Gari likiwa limesimama mahali tambarare, tupu, tairi zikiwa na upepo sahihi, pima kwa tepu kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa matgadi. Andika namba hiyo ya kulia na ya kushoto. Watu huruka hatua hii kwa sababu haionekani kama ufundi, lakini namba hizo mbili ndizo zitakazookoa bushi zako mwishoni.

Kagua pia upande wa gia. Kwenye Toyota nyingi ndogo zenye gia otomatiki, bolti ya mbele ya wishiboni ya upande huo inaweza kugonga nyumba ya gia kabla haijatoka yote. Ukiona hakuna nafasi, itabidi krosimemba ishushwe kidogo huku injini imeshikiliwa kutoka juu. Kama hujawahi kufanya hivyo, upande huo mwachie fundi mwenye vifaa, wewe fanya ule ulio wazi.

Kuitoa wishiboni

Legeza nati za gurudumu gari likiwa chini. Weka kabari nyuma, vuta breki ya mkono, inua mbele na uweke stendi pande zote mbili kwenye sehemu za kunyanyulia zilizoimarishwa kando ya sakafu. Litikise gari kabla hujaingia chini. Kisha toa magurudumu. Fanya upande mmoja kwa wakati, ili ule mwingine ubaki kuwa kielelezo ukisahau kitu kilikaaje.

Kama gari lina stabilaiza na linki yake inagusa wishiboni, ifungue. Magurudumu yote mawili yakining'inia sawasawa, fimbo ya stabilaiza haina mvutano, ndiyo sababu nimekuambia unyanyue pande zote.

Boljointi ya chini kwenye Toyota nyingi za aina hii imefungwa kwenye wishiboni kwa bolti moja na nati mbili. Fungua hizo tatu, uiache boljointi imekaa kwenye chuma kinachobeba habu. Hakuna haja ya kupigana na ile pini yake yenye mteremko kama boljointi ni nzima. Kwenye magari ambayo boljointi imeunganishwa moja kwa moja na wishiboni, utalazimika kuitoa pini kwa kifaa cha kutolea. Kuipiga nyundo juu ya nyuzi zake ni kuiharibu. Usiogope springi: kwenye mfumo huu springi imefungwa ndani ya mguu wa shokapu na haiegemei wishiboni, kwa hiyo hakuna kitu kitakachoruka.

Vuta wishiboni chini kwa mtaimbo mpaka iachane na boljointi. Hapohapo funga habu kwa waya kwenye springi. Habu ikiachwa ianguke kwa nje, inavuta ekseli, na kichwa cha ndani cha ekseli kinaweza kuchomoka upande wa gia. Ukisikia kimechomoka, kazi ya asubuhi imekuwa ya siku nzima.

Sasa fungua bolti mbili zinazoshika bushi kwenye krosimemba. Bolti iliyoganda, usiivunje kwa hasira. Irudishe ndani robo mzunguko, mwagia mafuta, itoe tena, nenda rudi hivyohivyo. Ikiwa bolti inazunguka na bomba la ndani la bushi linazunguka nayo, kutu imevishikamanisha, na hapo msumeno wa chuma unaweza kuhitajika. Bolti iliyokatwa ibadilishwe na ya aina na daraja lilelile, siyo ya duka la vifaa vya ujenzi.

Kwenye presi

Kabla bushi ya zamani haijaguswa, fanya mambo mawili. Piga picha na uchore alama kwenye wishiboni kuonyesha matundu ya bushi kubwa yanaelekea wapi. Pima pia bushi imeingia kwa kina gani, yaani bomba la nje limechomoza milimita ngapi kila upande. Ukiiweka bushi kubwa ikiwa imegeuka, ule ulaini uliokusudiwa mbele-nyuma unahamia kulia-kushoto, na gari lenye bushi mpya linaanza kuyumba.

Wishiboni nyingi ni bati la chuma lililokunjwa, siyo chuma kizima. Ukiiweka kwenye presi bila kuegemeza vizuri, bati linajikunja kabla bushi haijatoka. Tafuta kipande cha bomba ambacho tundu lake linapitisha bushi, kikae chini ya ukingo wa tundu la wishiboni lenyewe. Juu weka kipande kinacholingana na bomba la nje la bushi. Kama kuna nafasi kati ya kuta mbili za bati, tia kipande cha chuma ndani ili zisikaribiane. Mwenye presi mwenye haraka atakuambia, "Mzee, hii inatoka tu." Mwambie kwa upole, "Fundi, naomba tuweke bomba kwanza."

Bushi iliyoshika sana hutolewa kwa kukata: toa mpira, pitisha ubao wa msumeno wa chuma ndani, kata bomba la nje upande mmoja bila kuingia kwenye wishiboni, kisha likunje ndani kwa tindo. Kuchoma mpira kwa gesi ni haraka, lakini moshi wake ni mbaya na moto huondoa rangi na kulainisha bati.

Tundu likiwa wazi, lisafishe kwa brashi na msasa laini mpaka kutu yote itoke. Pitisha kidole kuzunguka. Tundu liwe duara, lisiwe na ufa kwenye weldi. Bushi ikiingia kwa kusukuma kwa mkono, tundu limekwisha, na wishiboni hiyo haifai.

Bushi mpya iingie kwa presi, ikisukumwa kwenye ukingo wa bomba la nje tu. Ukiisukuma kwenye bomba la katikati unaung'oa mpira kabla gari halijatembea hata mita moja. Kulainisha tumia maji ya sabuni, ambayo hukauka na kuacha mshiko. Grisi na oili hapana. Ianze ikiwa imenyooka. Ikianza kulala upande, simamisha, itoe, anza upya.

Kurudisha, na ile bolti ya mwisho

Rudisha wishiboni mahali pake, ingiza bolti mbili za krosimemba, zifunge kwa mkono mpaka ziguse tu. Rudisha boljointi, na bolti yake na nati zake mbili unaweza kuzikaza moja kwa moja kwa kipimo cha kitabu cha gari, kwa sababu hazina mpira wa kujisokota. Zile bolti mbili za bushi ziache. Usizikaze.

Fikiria wishiboni yenye urefu wa sentimita 35. Gari likiwa juu ya stendi, gurudumu linaning'inia, tuseme sentimita 8 chini ya pale linapokaa siku zote. Hiyo ni pembe ya takriban nyuzi 13. Ukikaza bolti hapo, umeuambia mpira kwamba hapo ndipo nyumbani. Ukishusha gari, mpira tayari umejisokota nyuzi 13 gari likiwa limeegeshwa tu, usiku kucha, wiki nzima. Ukipita tuta na gurudumu likapanda sentimita 6 zaidi, msokoto unafika nyuzi 23, wakati bushi iliyofungwa vizuri ingejisokota 10 tu. Gundi kati ya mpira na chuma ndiyo inayolipa tofauti hiyo. Mteja anarudi baada ya miezi mitatu akisema bushi za siku hizi ni feki, na pengine ni feki kweli, lakini hata ya Toyota yenyewe ingekufa kwa ufungaji huo.

Kwa hiyo bolti za bushi hukazwa gari likiwa limekaa kwenye kimo chake cha kawaida. Njia ya kwanza ni kurudisha magurudumu, kulishusha gari juu ya mbao nene na pana au kwenye shimo la gereji, kulidundisha mbele ili springi zikae, kisha kuingia chini na kukaza. Njia ya pili inafaa mahali ambapo hakuna shimo. Gari likiwa bado kwenye stendi, weka jeki chini ya wishiboni karibu na boljointi, pandisha taratibu huku ukipima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa matgadi. Namba ikifika ileile uliyoandika mwanzoni, simama. Hakikisha gari bado limetulia juu ya stendi na halijaanza kunyanyuka. Kama linanyanyuka kabla ya kufika kwenye namba, tumia njia ya kwanza. Hapo ndipo unakaza bolti zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa toki renchi, kwa kipimo cha kitabu cha ufundi cha toleo lako. Vipimo vya bolti hizi hutofautiana kati ya toleo na toleo, kwa hiyo usikope cha gari la jirani.

Nati za magurudumu za Vitz ni 103 Nm, zikikazwa kwa mpangilio wa kuvuka, siyo kwa kuzunguka.

Kama kazi anafanya fundi na wewe umekaa kwenye benchi, sentensi yako ni moja, na isemwe mapema: "Fundi, bolti za wishiboni usizimalizie mpaka gari lishuke chini." Fundi anayejua atacheka na kukuambia hilo analijua. Asiyejua atakuuliza kwa nini, na hapo una nafasi ya kumweleza bila kumvunjia heshima mbele ya vijana wake.

Baada ya hapo

Endesha polepole kwanza, funga breki mara kadhaa kwenye barabara tupu, sikiliza. Mlio mdogo wa siku ya kwanza unaweza kuwa ni maji ya sabuni yanayokauka. "Ko" ikirudi, rudi chini ya gari kabla ya kulaumu kitu kingine, kwa kuwa inaweza kuwa bolti iliyosahauliwa. Baada ya kilomita mia moja au mia mbili, zijaribu tena bolti zote kwa toki renchi.

Nenda ukapime alaimenti, hata kama usukani unaonekana umenyooka. Bushi mpya zimerudisha gurudumu mahali tofauti na pale lilipokuwa limezoea kulegea. Kwenye Vitz kinachorekebishwa kwa kawaida ni mwelekeo wa magurudumu kupitia tairodi. Mlalo wa gurudumu, yaani linavyoinama kwa ndani au kwa nje, hauna marekebisho ya moja kwa moja kutoka kiwandani, kwa hiyo mashine ikionyesha mlalo umetoka nje ya kipimo baada ya bushi mpya, tafuta shokapu au wishiboni iliyopinda badala ya kukubali kauli ya "ndivyo zilivyo hizi gari". Alaimenti ipimwe baada ya bushi, kamwe si kabla. Ukipima kwanza unalipia mara mbili.

Ukiwa bado chini, tazama raba za stabilaiza, zile mbili zinazokumbatia fimbo, namba zake Toyota zinaanza na 48815. Ni rahisi, bolti chache tu, na zikiwa zimepanuka hulia kama linki. Nyuma kuna bushi mbili kubwa zinazoshika mhimili kwenye bodi. Hizo hudumu sana, lakini gari likiwa na mkia unaotingishika kwenye kona yenye mashimo, anzia huko. Kanuni ya kukaza ni ileile: uzito chini, ndipo bolti.